Kikaango cha Sista na Mama Mkwe wa Tura

Jumatatu, 8 Septemba

Kuna watu huzaliwa na bahati. Mimi nilizaliwa kwanza, bahati ikaja nyuma inahema, ikiniomba nipunguze mwendo. Leo tena. Nimeshinda bahati nasibu dukani kwa Malek, muuza vyombo. Tiketi zaidi ya mia mbili ndani ya ndoo, mkono wa Malek ukazama, ukaibuka na ya kwangu. Zawadi: kikaango cha Kihispania. Chuma cheusi, bapa, kipana kama sinia la biriani, mikono miwili. Kilikuwa cha sista mmoja Mhispania aliyekaa miaka mingi upande wa Usoke. Alipostaafu akagawa vyombo vyake, na hiki kikaishia ukutani kwa Malek, kikisubiri mwanamume.

Nimerudi nacho kwa miguu, kichwani, mji mzima wa Tabora unaona. Watu walidhani ni dishi la king'amuzi. Nikawaambia hiki ni cha kupikia paela. Wakauliza paela ndiyo nini. Nikawaonea huruma.

Kimekuja wakati wake. Mke wangu Mwanamkuu yuko Tura kwa mama yake, leo siku ya kumi na tisa. Kosa langu lilikuwa dogo. Nilimtangazia, yeye na mtaa, kwamba tunakwenda Kigoma harusini, daraja la kwanza, kulala kitandani. Akashona gauni. Tukafika stesheni na mabegi. Tiketi sikuwa nazo, nilikuwa na imani. Treni ikaondoka, imani ikabaki na mimi, na iliyofuata kwenda upande wa pili Mwanamkuu akaipanda.

Jioni kanipigia. Anakuja Ijumaa na mama yake, chakula cha mchana. Sharti: nikisema uongo mmoja, mmoja tu, tangu wavuke kizingiti hadi sahani zioshwe, anarudi Tura moja kwa moja, na safari hii anabeba na cherehani. Nikamwambia hilo jepesi, mimi na uongo tulishaachana. Akasema huo hauhesabiwi kwa kuwa Ijumaa haijafika.

Jumanne, 9 Septemba

Nimetazama video ya mapishi mara sita. Mzee wa Kihispania, anaongea mbio kama mnadi wa ng'ombe. Nimeelewa karibu yote. Kihispania hakimsumbui mtu aliyepita chuoni kwa ustadhi: mchele wanaita arosi, sisi tulifundishwa aruzi. Zafarani wanaita asafrani. Hiki ni Kiarabu kilichosafiri kikasahau kuandikia nyumbani. Nilipoacha madrasa juzuu ya pili watu walisema uvivu. Kumbe nilikuwa nimetosheka.

Siri za paela ni hizi. Mchele haukorogwi. Wala haufunikwi. Unakaa wazi juu ya moto mwanzo mpaka mwisho, uchi kama mtoto anayeogeshwa, na chini unashika ukoko kwa makusudi. Tena ukoko ndio wanaougombania. Watu wastaarabu.

Nikampitia shemeji yangu Omari, kaka yake Mwanamkuu. Huyu ni mpishi wa pilau za shughuli. Kuanzia Ng'ambo hadi Kanyenye hakuna anayeoa bila sufuria la Omari, na yeye analijua hilo kuliko maharusi. Nikamweleza. Akacheka mpaka akaweka mwiko chini. Akasema wali usiofunikwa si wali, ni sadaka ya nzi. Wali ukikauka maji unafunikwa, unapaliwa makaa juu ya mfuniko, ndivyo tangu bibi zetu, na kama Mhispania hana mfuniko aseme, tutamchangia.

Nilimeza. Nilikuwa naihitaji zafarani yake, ile anayoificha kwenye kopo la maziwa ya unga. Nikashika kifua, nikakohoa. Nikasema kinanibana, nataka chembe za kuandikia kombe, aya za kuoshwa kwa maji nizinywe. Uso wake ukalegea. Akanipa mara mbili ya nilichoomba, akaifunga kwenye karatasi, akasema usiku ataniombea. Nimetembea nikijisikia vibaya mpaka kona ya msikiti. Baada ya kona nikapiga mluzi.

Kabla sijaondoka aliuliza baiskeli yangu iko wapi. Nikasema siku hizi natembea kwa afya. Akasema fundi baiskeli asiye na baiskeli ni kama kinyozi mwenye upara. Nikamwambia kinyozi bora ninayemjua ana upara.

Jumatano, 10 Septemba

Mzee wa video anatia kamba na kome. Bahari kutoka Tabora, misafara ya zamani ilitembea miezi mitatu, na hawakuwa wanafuata kome. Nimenunua migebuka mikavu ya Kigoma na dagaa. Mhispania angeonja asingerudi kwao.

Jaribio la kwanza: msiba. Kikaango kimekalia jiko la mkaa kama kuku aliyekalia yai la njiwa. Moto unapiga katikati peke yake. Katikati mkaa, pembeni mchele unaolia ukitafunwa.

Hapo ufundi ukaingia. Nimechukua ringi kuukuu ya baiskeli, nimeilaza juu ya mafiga matano, kuni nimezipanga duara. Kikaango kikatulia kama kimezaliwa pale. Miaka ishirini nimenyoosha ringi za watu, sikujua kumbe nilikuwa nasomea upishi.

Jaribio la pili: mchele umeiva pembeni. Katikati bado kuna mjadala.

Jumatatu nilidhani Mwanamkuu akikosekana nyumba inakuwa pana. Si pana. Ni tupu, na ukikohoa inakujibu.

Jumanne ilikuwa siku ya kukohoa. Leo nimekohoa kwa mazoezi tu.

Alhamisi, 11 Septemba

Jaribio la tatu lilikuwa linaelekea kufaulu. Wali wa njano, dagaa nimewasimamisha juu yake kama gwaride. Mara hodi. Sauti ya Omari. Amekuja kumwona mgonjwa.

Zafarani yake iko uani, inanuka hadi mtaa wa pili. Nikavuta mkeka, nikajilaza mlangoni kabisa, asiweze kupita. Nikatoa kikohozi, kizuri sana, cha kutoka tumboni. Akaketi kando yangu. Ameniletea chupa ya asali ya nyuki wa msituni, kaifuata mwenyewe asubuhi. Akasema kombe bila asali ni nusu dawa. Saa nzima amekaa. Kanisimulia vifua vyote alivyowahi kuvijua, na vingi vilikufa.

Nyuma yangu moshi ukaanza. Akanusa. Akauliza nini kinaungua. Nikasema ni kombe lenyewe, ustadhi kaandika aya ndefu. Akatikisa kichwa kwa heshima.

Alipoondoka nimekuta kikaango cheusi ndani na nje. Dagaa wote wamekufa mara ya pili.

Nimelamba asali nikifikiri. Mtu anakuletea asali kwa ajili ya kifua kizima. Kesho Omari atakuja kula na mama yake, nitamwekea paja la kuku. Lile kubwa.

Ijumaa, 12 Septemba

Naandika upesi kabla sijaanza kukumbuka vizuri zaidi.

Wamefika asubuhi. Mwanamkuu kanitazama kama mtu anayehakiki mzigo uliosafirishwa. Mama mkwe, Bi Asmahani, nikamwamkia kwa mbali, nimeinama, macho chini, kama inavyotakiwa. Akaitikia marahaba baba, akaingia ndani. Ukweli niliosema mpaka hapo: shikamoo. Salama.

Baada ya Swala ya Ijumaa nikawasha kuni. Kuku wa kienyeji, maharage mabichi, migebuka, mchele, zafarani. Kila kitu kilitii. Maji yakaanza kukauka. Zilibaki dakika kumi za kutogusa. Nikatoka mbele kumpokea Omari.

Niliporudi, nikakwama kwenye mlango wa uani. Mama mkwe yuko uani, amesimama mbele ya kikaango, mikono kiunoni. Anautazama ule wali wazi kwa macho ya mtu aliyekuta mtoto wa jirani yuko uchi barabarani.

Sasa mimi nifanye nini? Mkwe haingii alipo mama mkwe bila kuitwa. Na hakuna mkwe, tangu dunia iumbwe, aliyemwelekeza mama mkwe jikoni, hata kama anamimina sukari kwenye mchuzi. Nikabaki nyuma ya mlango, jicho kwenye tundu.

Akatafuta mfuniko. Mfuniko wa ukubwa ule haupo Tabora nzima. Akageuka, akang'oa bati la banda la kuku. Akalifuta vumbi kwa upande wa kanga, akaliosha kwa maji, akalilaza juu ya paela yangu. Kisha akachota makaa kwa koleo, akayapalia juu ya bati, polepole, kote kote, kama anatandika kitanda.

Nikakohoa mara tatu. Kikohozi cha kweli safari hii. Akasema pole baba, bila kugeuka, akaongeza makaa.

Nyuma ya sikio langu Omari akanong'ona kwamba Mhispania kachangiwa mfuniko.

Tukala. Mimi na Omari barazani, mama mkwe ndani, Mwanamkuu mlangoni katikati yetu, anapokea maneno huku na kuyapeleka kule. Omari akashika lile paja kubwa. Akalitazama. Akautazama wali wa njano. Akanusa. Kisha akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka ndani, kifua vipi shemeji?

Mwanamkuu akaegemea mlango. Nikaiona cherehani imefungwa kamba, inapandishwa treni. Ulimi wangu tayari ulikuwa umeandaa homa ya mapafu, kamili, na jina la daktari.

Nikasema: kifua hakijawahi kuniuma.

Omari akauliza, na zafarani yangu? Nikasema unaitafuna.

Sijui nani alianza. Nadhani ni mama mkwe, kule ndani, kicheko cha kukatika pumzi. Omari akajipiga gotini, akasema wallahi shemeji umeniombesha Mungu rakaa mbili kwa ajili ya wali. Akaendelea kula paja.

Kisha likaja lenyewe. Mwanamkuu akasema: Mama anauliza, ukoko huu kaufanya nani? Nikajibu ni yeye mwenyewe, kwa bati na makaa, mimi nilikuwa nimepanga vingine. Ukweli wa tatu ndani ya dakika moja, nikahisi kizunguzungu. Majibu yakaletwa: mama amefurahi, tangu Omari amnunulie sufuria la umeme hajakutana na ukoko wa heshima, anaomba wa chini wote akwanguliwe. Omari akatazama ukuta.

Halafu: Mama anauliza tena, kikaango hiki umekitoa wapi?

Nikasokomeza kipande cha ukoko mdomoni. Kikubwa, cha pembeni kabisa, kigumu kama soli. Mtu hajibu akitafuna, hata Tura wanajua hilo. Nikatafuna. Mwanamkuu akanisubiri. Nikatafuna upande wa pili. Akanitazama mdomo, akanitazama macho, akatazama ukutani pale ninapoegeshaga baiskeli.

Akakusanya sahani. Zote, na ya Omari ambaye hajamaliza. Akaenda kuziosha mwenyewe, mbio, kuliko nilivyowahi kumwona akiosha sahani tangu nimuoe.

Niliposikia ya mwisho inasuuzwa, nikameza.

Jumamosi, 13 Septemba

Mwanamkuu yupo. Mama mkwe kalala kwa Omari. Gauni la Kigoma limetundikwa msumarini, upande wake wa chumba. Nimekohoa makusudi asubuhi. Nyumba haikujibu, alijibu yeye, akasema niache ujinga.

Kwenye kahawa nimewaeleza watu jinsi Wahispania wanavyopalia makaa juu ya bati la banda la kuku, desturi ya miaka elfu. Omari alikuwepo. Kikombe kikamsimama hewani. Nikamtambulisha kama mwanafunzi wangu.

Mama mkwe kaagiza kwamba akija tena anataka wali ule ule. Nikamrudishia jibu kwamba akija tena atakuta wa Kituruki. Malek ana sufuria la shaba, anasema limetoka huko. Nimepita kulitazama. Akauliza safari hii nitaleta nini. Nikajikuta naifikiria cherehani. Kuifikiria tu, mtu hafungwi kwa kufikiri.

Mchana Mwanamkuu akauliza baiskeli. Nikasema nimemwazima mteja wa Usoke, keshokutwa anairudisha, kaipenda sana. Akaingia ndani, akatoka na ndala zangu za zamani, zile zilizokatika. Amezishona kamba, kwa uzi wa gauni. Akaziweka miguuni pangu. Akasema Omari kamwambia natembea kwa afya, basi nitembee vizuri.

Nimezivaa. Zinabana kidogo.

Hapakuwa na bahati nasibu. Wala ndoo, wala tiketi. Nilimpa Malek baiskeli.