Maji ya Bomba la Mheshimiwa Mihambo

Bwana Liwali, ambaye hakuweza kufika. Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, ambaye naye hakuweza kufika lakini nina hakika huko aliko anatufikiria. Jumbe wetu Jabiri, mwenye kiti hiki cha kukunja nilichokalia. Bwana Afya Mfaume pamoja na vijana wako wa majembe. Mashehe, makatekista, wazee wa Pwani na wazee wa bara, akina mama mliokuja na ndoo na akina mama mliosahau ndoo: asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na hamjambo nyote.

(Tukaitikia salamu zote tatu, kila mtu na yake. Ilikuwa hapa Temeke, jua la utosi, mie na mwanangu Hija mgongoni, tumbo limemkamata tangu juzi.)

Mimi ndimi Fransis Mihambo, Mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa Tabora kwa kuzaliwa, wa Kinondoni kwa nyumba ya bati, na wa Temeke kwa mapenzi, niliyeteuliwa na Gavana mwenyewe bila kuomba, ingawa nilikuwa nimejiweka mahali pa kuonekana. Na leo, kwa mujibu wa programu, na kwa kuzingatia skimu ya maendeleo ya maji katika viunga vya mji, nimesimama mbele ya bomba hili ambalo asilimia mia moja na nane ya wakazi wa Temeke, wakiwemo ambao hawajazaliwa, watanufaika nalo moja kwa moja ama kwa kulitazama.

(Makofi, ya Jumbe Jabiri peke yake. Bomba lilikuwa nyuma ya Mheshimiwa, chuma kimoja kimesimikwa kwenye saruji, kimefungwa utepe mwekundu. Alfajiri Bi Mwanabaraka alikwenda kulifungua kwa siri, akatoka mjusi. Tulichokuwa tunakitazama sie ni majembe ya Bwana Afya, maana amri ya Serikali imesema palipo na bomba kisima kifukiwe, na hotuba ikiisha tu vijana wanakwenda kukifukia kisima cha marehemu Mzee Kondo, mume wa Bi Mwanabaraka. Kisima kina matope, tunakijua. Lakini ukichemsha maji ya matope unapata maji. Ukichemsha bomba kavu unaunguza sufuria.)

Sasa ndugu zangu, wako watu wanaosema huko vilabuni kwamba sisi wajumbe tukiingia Barazani tunakaa tu kama mito ya kochi. Nawajibu. Nilisimama. Nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikaikazia macho Serikali, nikauliza swali ambalo mpaka leo makarani wanalizungumza kwenye chai: je, Serikali ina habari kwamba watu wa Temeke hawana bomba? Na Serikali, kwa kutetemeka, ikajibu kwamba ina habari. Sikuiachia. Nikauliza swali la nyongeza: je, ikiwa ina habari, inafanya nini? Serikali ikajibu kwamba inafikiri. Mzungu mzima, na suruali yake ya kupigwa pasi, alilazimika kukiri mbele yangu kwamba anafikiri!

(Hapo mwanamume mmoja nyuma akauliza kama Serikali imeshamaliza kufikiri. Jumbe akamwambia anyamaze, maswali yanaulizwa Barazani.)

Na hapo, waheshimiwa, ndipo nilipotumia mbinu ya hali ya juu, mbinu ambayo kwa lugha ya kitaalamu inaitwa taktiki, na ambayo nitaifafanua mwishoni ili msichoke mapema. Itoshe kusema kwamba wiki mbili baadaye Serikali iliandika katika ripoti yake, kwa wino, kwamba suala la maji Temeke limekwisha, na ikatoa pongezi, na katika pongezi hizo jina langu limo, ingawa herufi zake mbili zimekosewa.

(Alikuwa anatiririka jasho ndani ya lile koti. Akavua kofia yake ya jua, ile kubwa ya kizungu, ajipepee. Bi Mwanabaraka akainuka pale mbele, polepole, magoti yakilia, akamnyang'anya kofia akaivaa yeye. Uwanja mzima tukacheka. Wanyamwezi ni watani wetu sie Wazaramo, na mtani akikunyakulia kitu hununi, unakikomboa. Mheshimiwa akatia mkono mfukoni. Bi Mwanabaraka akamwambia, “Fedha yako peleka Tabora ukanunue asali. Kofia hii utaikomboa kwa kata moja ya maji ya bomba lako, Mnyamwezi wee.”)

He! Watani wangu hawa! Mnaona, ndugu zangu, jinsi Serikali na wananchi wanavyoshirikiana? Ningelifungua sasa hivi, mama, tatizo ni protokoli. Bomba halifunguliwi kabla ya hotuba kwisha, na hotuba haiwezi kwisha kabla haijafika mwisho, na mimi mwenyewe hapa nilipo koo limenikauka kwa ajili yenu.

(Bi Mwanabaraka akamwonea huruma, au ndivyo tulivyoona. Akachota kata kutoka kwenye mtungi wake, akamshikisha kwa mikono miwili kama anavyopewa mkwe. “Haya basi, kunywa,” akasema kwa sauti, akamtazama Mfaume. “Mie nililifungua mapema. Ndiyo maji ya bomba lako haya. Onja utuambie.” Mheshimiwa akaitazama kata. Akalitazama bomba. Akamtazama Bwana Afya. Kisha akanywa yote, mpaka kata ikalia.)

Naam! Haya, haya ndiyo maji. Mimi nimekunywa maji ya Oyster Bay, kwa Wazungu, kwenye bilauri, nimekunywa ya hoteli yakiwa na barafu, lakini maji haya, kwa wepesi, kwa ladha, kwa ukamilifu wake wa kiafya, hayana mfano. Na natamka hapa, kwa kiti changu cha Barazani, mbele ya Bwana Afya awe shahidi: maji haya ni safi, na mahali yanapotoka pasiguswe na mtu yeyote, awe na jembe au hana jembe, mpaka mimi nitakapotamka vingine.

(Bi Mwanabaraka akarudi kukaa, kofia kichwani. “Mfaume mwanangu, umesikia? Yanatoka kisima cha Kondo.” Mfaume alikuwa ameshika jembe moja mwenyewe. Akalilaza chini. Vijana wake nao wakalaza. Mheshimiwa akafuta mdomo kwa leso, kwa muda mrefu kuliko mdomo ulivyo.)

Eee... ndiyo. Kwa kuhitimisha basi, semeni nami: Swali na Jibu! Jibu na Bomba! Bomba na Maendeleo!

(Tukasema ya kwanza. Hizo nyingine alisema na Jumbe.)

Mwisho kabisa ni shukurani, na ile taktiki yangu niliyowaahidi. Sisi tumelelewa kwamba mtu bahili hushukuriwa kabla hajatoa, naye kwa kuona haya hutoa. Kwa hiyo Serikali iliposema inafikiri, mimi niliinuka nikaishukuru kwa bomba la Temeke, kwa maneno mazito, nikakaa nikingoja ione haya. Wenzetu wale haya hawana. Waliposikia shukurani waliandika kwamba bomba lipo. Na mimi ningesimamaje tena kuwaita waongo, hali mwenye kushukuru ni mimi? Nikaomba chuma hiki kwa fundi mmoja, kisimame hapa, ili angalau asipite mgeni akakosa cha kuona. Nawashukuruni sana kwa kuhudhuria ufunguzi wa bomba ambalo, tukijaliwa, kikao kijacho nitauliza kama lipo. Asanteni kwa ukarimu, na asante mama kwa maji.

(Akaondoka kichwa wazi. Kofia ipo kwa Bi Mwanabaraka mpaka leo, mwenyewe hajaikomboa. Sie tukaenda kisimani, tukateka, mie nikarudi nikamchemshia mwanangu mpaka povu likafa, nikayapoza, akanywa. Baraza linakaa Jumatano. Tunamwombea Mheshimiwa aweze kusimama siku hiyo, maana yeye aliyanywa mabichi.)