Nilivyopanda jukwaani kumfuta Neema jasho

Leo nimeaibika, jamani. Peku, viatu mkononi, mbele ya walimu wa muziki wa Bruseli. Acheni niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine.

Mnamjua Neema wangu, kifungua mimba. (Kama hamumjui mmefanya makusudi, maana wiki haipiti sijamtaja.) Leo alikuwa na mtihani wa mwisho wa kuimba. Miaka yote ya shule ya muziki inapimwa kwa nyimbo chache tu. Ukifaulu, unachukua diploma. Ukianguka, unarudia mwaka mzima. Na huyu ni mtoto aliyeanza kuimba kwenye kwaya yetu ya Schaerbeek akiwa bado haifikii mikrofoni.

Asubuhi, nyumbani Evere, nampigia pasi gauni, akaanza kunifundisha. Ataimba nyimbo nne. Maneno yake ni mashairi ya mshairi wa Kiingereza wa siku hizi, na mtu mwingine ndiye aliyeyatungia muziki wa sauti na piano. Nikamwuliza yanasema nini. La kwanza ni mvua kwenye kituo cha treni. La pili, mwanaume anagombana na friji yake. (Wazungu nao.) La tatu, mwanamke anaosha vikombe vya mama yake aliyefariki. Hapo nikasahau pasi, kidogo niunguze gauni.

"Maman, sikiliza muzuri," akasema. "Zile nyimbo zote ni kitu moja. Batu habapigake makofi katikati."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Vigelegele pia hapana. Na usiseme amina."

"Bon. Nimeahidi."

"Maman."

"Nimesema nimeahidi, Neema."

Nikavaa liputa yangu mpya, kitenge kimoja kiunoni na kingine begani, na viatu vya visigino, nikapanda tramu. Kila aliyenitazama nilimwambia naenda kumsikiliza mtoto wangu. Nilimwambia hata mkaguzi wa tiketi, naye akanitakia heri.

Ukumbi ni mdogo, sakafu ya mbao. Walimu wa jury, yaani watahini, wamekaa kwenye meza yao, na presidenti wao ni mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Nikakaa safu ya kwanza. (Nani mwingine ana haki ya safu ya kwanza?) Neema akaingia na mpiga piano wake, baba mmoja mwenye upara.

Mvua ikapita. Friji ikapita, watu wanatabasamu. Mimi nimeikalia mikono yangu isije ikapiga makofi yenyewe. Halafu vikombe. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini vile vikombe niliviona. Mama yangu alifariki Bukavu mimi niko huku bado nangojea makaratasi, sikumwoshea hata kikombe kimoja. Nililia bila sauti, sina aibu kulisema hilo.

Neema akafika mwisho, akanyamaza. Mpiga piano mikono juu, haishuki. Kimya. Hakuna anayekohoa. (Baadaye nimeambiwa kimya kile kimeandikwa ndani ya muziki, na ndicho sehemu ngumu kuliko zote. Neema amekifanyia mazoezi tangu baridi ya mwaka jana.)

Sasa mimi ningejuaje? Kwetu kanisani mtu akiimba hivyo, watu wanainuka wimbo ungali mdomoni. Wanamfuta jasho, wanamvika kitenge mabegani. Asipoinuka hata mmoja, mwimbaji anajua ameharibu. Na pale mwanangu amesimama peke yake chini ya taa, jasho linamshuka kwenye nyusi, walimu wote wamekaa kama wanangojea basi. Nikapitia ahadi zangu. Makofi, hapana. Vigelegele, hapana. Amina, hapana. Kufuta jasho hakukutajwa.

Nikainuka.

Ko, ko, ko, viatu kwenye mbao. Nikapanda jukwaani, nikatoa leso, nikamfuta paji la uso taratibu, kama zamani akiwa na homa. Nikamvika kitenge changu. Neema hakupepesa jicho. Alikuwa anaangalia mbele, mbali, kama mimi sipo. Midomo haikuchezacheza, lakini nilimsikia:

"Maman, usitembee."

Na piano ikaanza wimbo wa nne.

Donc, hapo ndipo nilipoelewa. Kushuka siwezi, viatu vitapiga kelele. Kubaki siwezi, mimi si mwimbaji. Nikavua kimoja, nikavua cha pili, nikajaribu hatua moja. Ubao ukalia. Mpiga piano akanikata jicho, nikaganda. Wimbo mzima wa nne nilisimama kando ya piano, viatu kifuani, nikiitazama jury na jury ikinitazama.

Ulipoisha, Neema akainamisha kichwa. Na mimi nikainamisha. (Ningefanya nini?) Watu wakapiga makofi. Yule presidenti akavua miwani.

"Madame, na wewe uko kwenye programu?" Aliuliza kwa upole, na upole ule ndio ulioniua.

"Hapana, madame," nikajibu. "Mimi ndiye niliyeizaa programu."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mpiga piano alilaza upara wake juu ya piano. Neema peke yake hakucheka.

Tukatoka kungojea koridoni. Ameketi mbali nami, kitenge bado mabegani. Hapo mzaha wote uliniisha. Nikawa nawaza: nimemwangusha mtoto kwa ajili ya leso. Nilitaka kumwomba msamaha, nikaishia kuinama na kuvaa viatu vyangu.

Mlango ukafunguka. Presidenti akasoma: Neema amefaulu, na ni grande distinction, alama za juu sana. Akaongeza kwamba wanafunzi wengi kile kimya kinawaponyoka mtu akikohoa tu. Huyu amepandiwa jukwaani na mama yake mwenye visigino, na hakikumponyoka.

Nikapiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio kutoka chini. "Maman, inatosha," Neema akasema, lakini alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, kichwa chake begani kwangu.

Haya, chekeni, nimewaruhusu. Ila mkimaliza kucheka semeni pia ni mtoto wa nani amepata grande distinction. Mwezi ujao anaimba tena, kwenye ukumbi mkubwa karibu na Porte de Namur. Tiketi yangu amenikatia juu kabisa, balkoni, safu ya mwisho, mbali na jukwaa. Nimeshapiga simu kuulizia njia ya kushuka haraka. Lifti ipo.