Kufuli la Levis

Redio ya Mokeira, muuza chai, ndiyo iliyoleta balaa. Daktari wa akili alikuwa amemaliza tu kusema kwamba watu wenye wasiwasi mwingi ni rahisi kupata maradhi ya akili, na benchi lote la chai, pale sokoni Migori, likamgeukia Levis.

"Kufuli!" Zadock akaita. Jina hilo Levis alilipata kwa kurudi kutikisa kufuli la kibanda chake cha kutengeneza simu. "Umesikia? Ni wewe umetajwa, imebaki jina tu!"

Zadock huuza dawa za ng'ombe. Watu walimwita Daktari kwa utani, naye akaamini.

"Alisema hulka si ugonjwa," Mokeira akamkata, akimimina chai. "Mpaka ikuzuie kula, kulala na kufanya kazi. Wewe ulisikia nusu, Daktari wa kupe."

"Mtu anatikisa kufuli mara tano! Kufuli lenyewe limechoka, bana!"

"Na wewe unayeongea tangu asubuhi bila kumeza mate, hiyo inaitwaje?"

"Hiyo ni kipaji, mama."

Wakacheka. Levis hakucheka. Kesho walikuwa wanaenda Kehancha kumposa Nyasuguta, na msemaji wake alikuwa huyu huyu Zadock. Wakwe huuliza kwanza kama ukoo una wazimu. Aliogopa, jamani, mpaka chai ikamshinda.

"Daktari, nakuomba," akanong'ona. "Kesho mambo ya kufuli usitaje."

"Mimi? Hiyo naenda nayo kaburini."

Mara simu ya Zadock ikalia. Alikuwa Phelesia, shangazi yake Nyasuguta. Zadock akaweka spika, kwa sifa tu.

"Msemaji, swali moja kabla hamjaja. Tumesikia kijana hurudi kukagua kufuli mara tano. Ni kweli?"

Levis akafumba macho.

"Uongo mtupu, mama!" Zadock akajipiga kifua. "Huyo hana wasiwasi hata chembe. Hata kufunga mlango husahau!"

Kisha shangazi akashusha pumzi.

"Haya, pole. Mkwe wetu wa kwanza alisahau kufunga zizi, wezi wakavusha ng'ombe hadi Tanzania, hakurudi hata ndama. Baba yake msichana alikuwa amempendea huyu hilo kufuli. Kesho msijisumbue."

Levis akaruka, akamwaga chai, akainyakua simu.

"Mama, ni mara tano! Mara tano, na ya sita huwa naota!"