Mama Mkwe Aingia Chuo

Jumatatu, 19 Februari
Mkuu wa chuo ametuita. Watoto hawazaliwi tena hapa Korea, anasema, na waliozaliwa wamekimbilia vyuo vya Seoul. Idara isiyofikisha wanafunzi wapya kumi na wawili mwezi huu itafungwa. Idara yangu ya Hoteli ina kumi na mmoja. Nina miaka hamsini na mitatu na sijui kazi nyingine. Profesa Maeng wa Urembo ametimiza idadi, eti kwa kuwaosha nywele bure vijana wa sekondari. Hana haya.

Jumatano, 21 Februari
Nimepata! Mama mkwe, Bong-sun, miaka sabini na moja. Magoti mabovu, na chuo kiko juu kilimani. Nimempelekea kasha la matufaha nikamwomba jina lake tu, niliandikishe. Mara tatu aliniuliza kama itabidi aje darasani. Nikamwapia hapana. Akatia sahihi. Nilipokutana na Maeng kantini nilipita kifua mbele.

Jumatatu, 4 Machi
Amekuja. Teksi, miwani mipya, kiti cha mbele. Nilisahau kwamba aliendesha nyumba ya wageni miaka arobaini. Nikiwa katikati ya nadharia ya ukarimu, akanyoosha mkono.

“Mkwe, mara ya mwisho ulitandika shuka lini? Maana binti yangu anasema hata la kwako hulitandiki.”

Darasa hoi kwa kicheko. Masikio yangu bado yanawaka.

Alhamisi, 7 Machi
Vijana wote wamehamia chumba cha mazoezi, mama mkwe anawafundisha kutandika. Nimemsihi akapumzishe magoti. Akajibu kwamba nilimwandikisha mwenyewe, sasa nivumilie.

Jumatatu, 11 Machi
Mkuu kaniita. Nikavaa tai ya kuagia, nikidhani nafukuzwa. Kumbe mabibi kumi na wanne wa mtaani kwa mama mkwe wameomba kujiunga! Idara imepona. Nilitaka kulia kwa furaha, kweli. Sharti lao ni moja: mazoezi afundishe Bong-sun. Mimi nibebe mashuka.

Ijumaa, 15 Machi
Mgongo unauma. Maeng ameniita msaidizi mbele ya watu. Tena mkuu amenogewa, muhula ujao anataka ishirini na saba. Tuko ishirini na sita.

Mama mkwe ana dada yake. Miaka themanini na tisa, kiziwi, analala mchana kutwa. Huyo hawezi kuja darasani. Matufaha nimeshanunua.