Wastani wa Ngamia Wasiohesabiwa

Jumatatu, 5 Mei 2025
Habaswein. Nafasi moja tu imebaki kwenye friji ya maziwa ya kina mama! Mwenyekiti wao, Bi Habibo, ametangaza kwamba ataipata mfugaji ambaye ngamia wake wana wastani mkubwa wa maziwa kwa siku. Mwisho Alhamisi adhuhuri. Nikiikosa, maziwa yangu yataendelea kuharibika njiani kabla ya kufika soko la Garissa. Jirani yangu Ogle keshapeleka karatasi: lita nne. Nne! Ngamia wangu Sahara peke yake anatoa kumi. Wengine siwataji.

Jumanne, 6 Mei
Nimemuuliza mpwa wangu Hani, aliye kidato cha pili, wastani ni nini hasa. Kumbe rahisi. Jumlisha maziwa yote, gawanya kwa idadi ya ngamia. Jumla nikampa: lita ishirini na moja. Akataka idadi. Hapo nikashikwa na kikohozi. Nani hutaja idadi ya ngamia wake, jicho la husuda liwapate? Babu yangu alikufa na idadi yake kifuani. Nikamwambia wapo, alhamdulillahi. Hani akasema, abti, mjomba wangu, ishirini na moja haigawanyiki kwa alhamdulillahi.

Jumatano, 7 Mei
Nimepata dawa! Niliandika: jumla 21, ngamia mmoja, wastani 21. Bi Habibo alicheka hadi akashika ukuta. Akasema ngamia huyo aletwe, watu wampige picha. Ogle alikuwepo, kama kawaida yake. Nimeona haya, walahi.

Alhamisi, 8 Mei
Hani kaleta kitu kingine: kati. Panga ngamia kuanzia mwenye maziwa machache hadi mwenye mengi. Toa mmoja huku, mmoja kule, mpaka abaki wa katikati. Bila kuhesabu! Nilisisimka kama mtoto. Tukawapanga kisimani. Akabaki yule mwenye sikio lililochanika: lita tatu.

Tatu? Kumi za Sahara zimeenda wapi? Hani akasema kati haimjali wa pembeni, hata angetoa hamsini. Ajabu! Kisha akatoa lita mbili za yule mwenye machache kabisa kwenye kumi za Sahara. Tofauti nane. Akasema anayetegemea maziwa yangu hajui kama atapata kikombe au ndoo. Nimewachunga miaka yote hii, sijawahi kuwatazama hivyo. Nikawapanga tena mara tatu, kwa raha tu.

Hani alikuwa akisema kati si wastani, lakini adhuhuri ilikaribia. Nikakimbia na karatasi: lita tatu.

Ijumaa, 9 Mei
Ogle kapata. Bi Habibo aliniambia, mbele ya watu waliotoka msikitini, kwamba ningegawanya kwa haki ningepata nne nukta mbili na kumshinda. Nikamuuliza kajuaje idadi. Akasema Habaswein nzima inaijua. Ngamia wangu hupita mbele ya duka lake kila jioni, kwa mstari.

Uchungu ulinishika hadi nikashindwa kula. Lakini nimefikiri. Kina mama wataleta friji ya pili mwezi ujao. Sahara atabaki hapa peke yake: wastani kumi, kati kumi, tofauti sufuri. Hesabu safi kabisa! Wale wengine wanne nitawaficha kwa shemeji huko Griftu, na Ogle hatajua kamwe kwamba wako

Astaghfirullah. Nimeiandika idadi.

Nimelipaka wino neno hilo. Bado linasomeka.