Barua Pepe za Usiku wa Manane

Jumatatu, 3 Machi
Nimeamka tena usiku wa manane. Usingizi ukakataa katakata kurudi. Msomi hapotezi muda. Ijumaa meneja wa kampuni yetu ya mizigo ataamua ni nani atathibitishwa ofisini: mimi au Mzee wa Tai, mwenzangu katika kipindi cha majaribio, asiyevua tai shingoni. Nikamwandikia meneja barua pepe ndefu kuhusu mpangilio wa ghala. Aione saa niliyoituma. Asubuhi dada, ninayeishi kwake, kashauri niache simu sebuleni, nisitazame saa, nitulie gizani mpaka usingizi urudi. Ushauri wa kawaida mno.

Jumanne, 4 Machi
Nimetuma nyingine. Kazini nikasinzia, kidole juu ya herufi moja. Ikajaza kurasa. Mzee wa Tai, ambaye hulala kama gogo, akaniuliza eti, ndugu yangu, nimetoka msibani? Wivu mtupu.

Alhamisi, 6 Machi
Dada alininyang'anya simu. Nilipoamka nikatulia gizani kama alivyoagiza, na usingizi ukaanza kuninyemelea. Nikashtuka: meneja angenidhania mlegevu. Nikaazima simu ya shemeji, fundi bomba, bila kumwamsha, na barua ikaenda kwa anwani yake ya kazi. Leo meneja kaulizia ni fundi bomba gani anayemfundisha kupanga ghala. Nikajitambulisha kwa unyenyekevu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimethibitishwa. Meneja kasema kila barua yangu humwamsha, na mumewe amehamia sebuleni. Hata hivyo ametambua kwamba mimi ni mtu wa usiku. Kwa hiyo: zamu ya usiku, ghalani, kupokea malori. Ya kudumu. Mzee wa Tai kapewa meza ya ofisini na kiti kinachozunguka. Dada kacheka mpaka akashikilia mlango.

Jumanne, 11 Machi
Zamu ya kwanza. Usingizi ulinijia wenyewe, juu ya magunia, mpaka dereva wa lori akaniamsha: bosi, unakoroma kuliko injini yangu. Asubuhi nikalala nyumbani. Mchana nikaamka, macho makavu. Dada akapaza sauti kutoka jikoni: mdogo wangu, iache hiyo simu.
Nimetafakari kwa kina. Kosa langu lilikuwa saa tu. Sasa meneja yuko macho, simwamshi mtu. Nitamwandikia kila siku adhuhuri, ajionee kwamba hata mchana silali. Sioni anavyoweza kulielewa vibaya.