Kura ya Bibi

Jumatatu, 4 Machi

Nimetukanwa tena. Kwa adabu, ndiyo maana inauma. Kundi letu la mtandaoni linatafsiri programu ya maktaba, kwa kujitolea, hatulipwi hata asante. Sasa wanataka ukurasa wa mbele uiite “programu ya chanzo wazi”, yaani ambayo kila mtu anaweza kuona ilivyoandikwa. Nimewaandikia aya saba kwamba ni “programu huria”: kila mtu ana uhuru wa kuitumia, kuichokonoa, kuibadilisha na kumgawia jirani. Kutaja chanzo wazi peke yake ni kusifu dirisha na kusahau nyumba. Niliipenda sana sentensi hiyo. Mpinzani wangu, ninayemwita Bwana Wazi, akajibu kwa neno moja: “Ndefu.” Kundi zima likamtumia makofi.

Darasani sinyooshi mkono kamwe. Kundini ndiko pekee ninakoitwa “ndugu mhakiki”. Kura ni Jumamosi. Nikishindwa huko pia, nitabaki nani?

Jumanne, 5 Machi

Nimehesabu vichwa. Tuko sawa kwa sawa! Kura moja itaamua. Mpiga kura lazima awe na namba yake ya simu na awe ametafsiri mistari thelathini. Bibi ana namba. Bibi hana habari. Nimemwomba simu nimfutie picha zilizojaa, nikamfungulia akaunti kundini. Akasema Mungu anibariki. Nikajisikia vibaya. Kidogo tu. Hii ni kazi ya uhuru.

Alhamisi, 7 Machi

Bibi anapendwa! Nimemtafsiria mistari yote thelathini, kisha nikaandika kwa jina lake: “Wanangu, punguzeni jazba. Huria ni neno lenye heshima.” Mimi nilisema hayohayo wiki iliyopita nikaambiwa nina kiherehere. Bibi katumiwa mioyo. Hata Bwana Wazi kaandika, “Shikamoo bibi, tumekusikia.” Mimi hajawahi kunisalimia. Nimemwonea bibi wivu, na bibi ni mimi.

Ijumaa, 8 Machi

Balaa. Mratibu wa kundi kavutiwa na busara za bibi, kampigia simu kumwomba awe mhakiki mkuu. Cheo hicho mimi nilikingoja mwaka mzima! Mratibu alimshukuru kwa maneno yake mazuri. Bibi akauliza maneno yapi.

Nimerudi shuleni nikamkuta kitandani, simu sikioni, anacheka. Alipokata akaniita kwa majina yangu yote matatu. Akauliza huo uhuru ninaoupigania ni wa nani, ikiwa yeye anapigishwa kura kama mwanasesere. Nikaanza kumfafanulia tofauti ya huria na wazi. “Wewe mtoto, hebu kaa chini.” Nilikuwa nimeshakaa.

Kumbe aliyekuwa akimchekesha ni Bwana Wazi. Mratibu kampa kazi ya kumfundisha. Kamwamkia vizuri, kamuuliza miguu inaendeleaje. Miguu! Naishi nyumba moja na miguu hiyo, sikujua kama inauma.

Jumamosi, 9 Machi

Chanzo wazi kimeshinda kwa kura moja. Ya bibi. Anasema anataka mambo ya nyumba hii yawe wazi, na kijana yule ana malezi. Kwanza alimweleza mratibu kila kitu, kisha akatafsiri mistari thelathini ya kwake mwenyewe. Kura zilipohesabiwa nikavuliwa uhakiki. Akaunti yangu imefungiwa hadi likizo. Mhakiki mkuu ni bibi, na ameanza na kazi zangu za zamani. Kwenye aya zangu saba kaandika: “Mjukuu wangu, ndefu.”

Mama ameuliza mbona sili, nimegombana na rafiki? Nikamwambia sina rafiki. Akasema afadhali, basi nile.

Jumapili, 10 Machi

Nimetafakari siku nzima. Nimeliona kosa langu, nalikiri hapa bila kujitetea. Nilimchagua mtu anayepokea simu.

Laini ya marehemu babu iko kwenye droo ya bibi. Kila mwezi huiwekea salio isifungwe. Sijui ya nini. Kesho kundi linaanza kubishania “pakua” na “shusha”, na mimi nina hoja nzito. Nimemfungulia babu akaunti kwa jina lake kamili. Safari hii nimekuwa na adabu: amewajulia hali wote, na kumuuliza Bwana Wazi habari za miguu yake.

Mhakiki wa zamu kesho ni bibi. Atauona ujumbe wa babu kabla ya wengine. Nadhani atafurahi.